Nisimulie Harufu

Melville, Saskatchewan
16 Septemba 1984

Dada Iona mpendwa,

Sanduku la matufaha lilifika Alhamisi kwa basi, limefungwa zile kamba za shemeji Merrill ambazo hata mwizi angezikatia tamaa. Nilipokata ya mwisho na kuinua kifuniko, ilibidi nikae chini. Si ugonjwa, usianze. Ni harufu tu. Ilitoka kama mtu aliyejificha humo tangu Nova Scotia, amechoka kubanwa. Ikajaa barazani, ikaingia sebuleni, mpaka Halyna, jirani yangu, akauliza kutoka ng'ambo ya uzio nimepata mgeni gani.

Unajua kila mwaka nayafanya nini matufaha yako. Nakula mawili, nagawa yaliyobaki kanisani, halafu nakuandikia kwamba yalikuwa matamu. Miaka thelathini na moja nilikuwa na sababu: naunganisha simu za mji mzima, nikirudi nyumbani sina hamu hata ya kuchemsha yai. Sasa imeletwa mitambo inayojiunganisha yenyewe, mimi nimepewa saa ya ukutani na makofi, na nyumba imenyamaza. Wala usiniambie nikupigie simu. Simu nilizopokea zinanitosha mpaka kaburini. Barua ni bora, hakuna anayenihimiza nimalize laini itumike.

Mwaka huu nataka kuyapika. Mimi, Avis, niliyeunguza sufuria ya maji ya chai siku ya harusi yako. Nitafutie kitu rahisi kabisa, kisicho na mambo ya kusukuma unga. Kitu ambacho Mama angemwachia mtoto wa miaka sita akifanye mwenyewe huku yeye amempa kisogo.

Shemeji aliniandikia kwamba ulianguka kutoka ngazini mwezi wa nane ukipogoa matawi. Mistari miwili tu, unamjua. Kichwa kinaendeleaje?

Mdogo wako,
Avis


Bonde la Annapolis, Nova Scotia
25 Septemba 1984

Mdogo wangu Avis,

Kichwa ni kizima. Nyuzi saba, na zimeshatolewa. Merrill ananifuata chumba kwa chumba kama kifaranga cha bata, hayo ndiyo maradhi niliyobaki nayo.

Fanya hivi. Chagua matufaha manne yanayolingana. Usiyamenye. Toa moyo wa kila moja kwa kijiko kidogo kuanzia juu, ila usitoboe chini, sukari itakimbia. Kisha kata mstari mwembamba kuzunguka kiuno cha tufaha, kama mkanda, ngozi tu. Jaza shimo sukari ya kahawia, zabibu kavu, kipande cha siagi na mdalasini kidogo. Panga kwenye bakuli la oveni, mimina maji kidogo chini yake. Moto digrii 350 za Fahrenheit, dakika arobaini. Basi, hakuna zaidi.

Usiitazame sana saa. Sikiliza. Mwanzoni ni kimya. Halafu litachemka tone moja, halafu mengi, na mwishowe matufaha yenyewe yataanza kuimba, sauti nyembamba sana, kama birika lililo nyumba ya pili. Sauti ikishuka na kuwa nzito, yameiva. Miaka arobaini naoka matufaha na sikuwahi kujua kwamba yanaimba. Juzi nilivuta kiti mbele ya oveni nikasikiliza tangu mwanzo hadi mwisho. Nilisahau kumwita Merrill ale.

Ngozi ikigeuka rangi ya shaba, toa.

Iona


Melville
4 Oktoba 1984

Dada Iona,

Niliudharau mkanda. Niliona ni madoido yako tu, nikayaweka matufaha ndani bila kuyakata kiunoni. Dakika ya ishirini na tano nikasikia kishindo. Dakika ya ishirini na saba cha pili. Halyna alikuja mbio na taulo la vyombo begani, akafungua oveni, akatazama kuta zake, akaniambia, "Avis, haya si mapishi, hii ni vita." Tukakwangua, tukala tulichokwangua, na hata hicho kilikuwa kitamu.

Mara ya pili nilikata mkanda. Sasa nikueleze, maana sina mwingine wa kumweleza asiyenicheka. Niliweka kitu kigumu kinachoweza kuvunja jino. Sikukipiga wala kukikoroga. Niliketi tu. Baada ya dakika arobaini nikakuta ngozi ile ile, imekunjamana kidogo kama mkono wa mzee, na ndani yake wingu. Nilipogusa kwa kijiko halikuwa na ubishi wowote. Nilisimama pale jikoni na aproni imenining'inia, nikijiuliza ni vipi jambo kama hili hutokea kila siku majumbani mwa watu na hakuna anayetoka nje kutangaza.

Uliniambia yataimba. Kweli yaliimba. Lakini dada, mbona hukuniambia habari ya harufu? Zamani barua zako zote zilikuwa harufu. Ukioka mkate, nusu ukurasa ni harufu ya mkate. Ukifua mapazia, harufu ya mapazia. Hii ya juzi umeniandikia kama kijitabu kinachokuja na mashine ya kufulia. Nimeisoma mara tatu nikitafuta kosa langu.

Kama ni habari ya Machi, sema. Najua sikuja kumzika Mama. Nilikueleza uwanja wa ndege ulifungwa kwa theluji. Lakini kama umekasirika, afadhali nikusikie ukinisema kuliko kusoma barua iliyonyooka hivi.

Avis


Bonde la Annapolis
10 Oktoba 1984

Mdogo wangu,

Sijakasirika. Umekuwa na wasiwasi hivyo hivyo tangu ukiwa na meno ya utoto.

Juzi ilikuwa Sikukuu ya Shukrani, na nilipeleka krispi ya matufaha kwenye chakula cha mchana cha kanisa, kama kila mwaka. Watu walikula. Hakuna aliyesema kitu.

Ukitaka kuijaribu, ni rahisi kuliko ya kwanza, haina hata mkanda. Menya matufaha sita, yakate vipande vyembamba, yalaze kwenye bakuli la oveni. Kwenye bakuli jingine changanya kikombe cha oti za uji, nusu kikombe cha unga wa ngano, sukari ya kahawia, mdalasini na siagi baridi. Vunjavunja kwa vidole mpaka iwe chenga. Usitumie kijiko. Vidole vitakwambia chenga zikiwa tayari: zitakuwa kama mchanga ulionyeshewa jana. Funika matufaha kwa chenga hizo, oka mpaka juu pawe na rangi ya ngozi ya kiatu kizuri.

Majani yanaanguka sana wiki hii. Nikisimama uani nayasikia kila moja likigusa ardhi.

Iona


Bonde la Annapolis
11 Oktoba 1984

Shemeji Avis,

Mimi si mtu wa barua. Iona yuko kwa majirani, kwa hiyo naandika haraka.

Tangu aanguke hanusi kitu. Hata kidogo. Daktari anasema nyuma ya pua kuna mishipa ya fahamu myembamba kama nywele, na kichwa kilipogonga chini ilikatika. Inaweza kuota tena ndani ya mwaka. Inaweza isiote. Amenikataza nisimwambie mtu.

Wiki iliyopita birika lilikauka jikoni, likaanza kuungua, moshi umejaa, naye amekaa hatua mbili kutoka hapo amelipa jiko mgongo anashona. Mimi niliinusa harufu ile nikiwa ghalani. Sasa siendi mbali na nyumba.

Na ile krispi ya kanisani. Kopo la mdalasini na kopo la pilipili ya unga ni mapacha. Yeye alikuwa akiyatofautisha kwa pua, hajawahi kusoma kibandiko maishani mwake. Watu waliweka mdomoni wakanyamaza wote, macho yamejaa machozi. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia. Mchungaji alimaliza yake. Mimi nilikula sahani mbili ili bakuli liishe upesi, na hadi leo tumbo langu linanilaumu. Aliporudi nyumbani alionja chenga zilizobaki kwenye ncha ya ulimi, akahisi zinauma. Akajua. Akaosha bakuli lile mara tatu.

Hajakukasirikia. Ndicho nilichotaka ujue. Usimwambie kwamba nimekwambia.

Merrill


Melville
21 Oktoba 1984

Dada Iona,

Leo Jumapili nimeoka krispi yako. Nilivuta kiti mbele ya oveni kama ulivyofanya wewe, nikaweka daftari mapajani, nikaandika kila kilichokuja na saa yake, kama tulivyokuwa tukiandika simu za mbali. Mimi si mtu wa maneno mazuri. Kazi yangu ilikuwa kusema nani yuko kwenye laini. Basi nakuandikia nani alikuja.

Saa saba na dakika kumi. Bakuli limeingia. Hakuna mtu. Chuma cha moto tu, na vumbi linaloungua, maana oveni yangu haijazoea kazi.

Saa saba na kumi na nane. Siagi. Imekuja peke yake. Ni harufu ya chini, karibu na sakafu, nikiinama naipata vizuri zaidi. Kama maziwa ya moto, ila ina chumvi kwa nyuma.

Saa saba na ishirini na nne. Mdalasini. Huu haubishi hodi. Umepanda moja kwa moja ukakaa katikati ya macho yangu. Ni mtamu lakini mkavu, kama ubao uliopigwa msumeno sasa hivi.

Saa saba na thelathini na moja. Oti. Pole pole sana. Kama njugu zinazokaangwa na mtu mwenye subira, halafu kwa mbali nyasi kavu.

Saa saba na thelathini na nane. Matufaha. Nilidhani wao ndio wangefika kwanza, kumbe ndio wa mwisho. Kwanza ni uchachu, ule wa kujaza mate mdomoni kabla hujang'ata. Halafu uchachu unainama, na chini yake kuna ua. Nilidhani nimekosea. Nikamwita Halyna dirishani, akaja, akavuta pumzi, akasema, "Waridi. Ndiyo. Sasa niache nirudi kwenye kabichi zangu."

Saa saba na arobaini na saba. Siwezi tena kuwatenganisha. Wote wako kwenye laini moja, na hakuna anayemkatiza mwenziwe. Miaka thelathini na moja sikuwahi kuona jambo hilo likitokea.

Nilifunga daftari. Nina miaka hamsini na sita, dada, na sijawahi kukaa dakika arobaini mfululizo nikinusa. Niliinuka kama mtu aliyetoka kanisani siku ambayo kweli alisali.

Jumapili ijayo nitaoka tena. Niambie kitu gani, nami nitakuandikia kitakachokuja.

Avis


Bonde la Annapolis
30 Oktoba 1984

Avis,

Merrill amekwambia. Nimejua kwa sababu barua yako haina swali hata moja, na wewe huwezi kuandika kurasa mbili bila kuuliza kitu. Nilimuuliza mezani. Alitafuna kile kipande cha nyama muda mrefu kuliko nyama yoyote inavyotafunwa, halafu akakiri. Nilinuna siku mbili.

Siku ya tatu nikatengeneza krispi. Nilisoma kibandiko cha kopo kwa miwani. Nikampa Merrill barua yako na saa, nikamwambia asome kila mstari dakika yake ikifika. Alisoma kama anayetangaza mnada wa ng'ombe. Aliposema siagi iko chini, karibu na sakafu, niliinama. Aliposema mdalasini, nikafumba macho. Alipofika kwenye matufaha akanirudishia karatasi, nikasoma mwenyewe.

Sikunusa kitu. Nataka ujue hivyo, usije ukadhani ni muujiza. Lakini nilijua kila kimoja kiko wapi, kama kipofu anayeambiwa nani amekaa kwenye kiti kipi. Tangu Agosti nimekuwa nikiishi kwenye nyumba isiyo na watu. Dakika arobaini zile walikuwepo wote.

Sasa nikuambie jambo ambalo hata Merrill halijui.

Tangu tumzike Mama, kila Jumapili nikitoka kanisani nilikuwa nakwenda kabatini mwake. Lile sweta la kijivu, la kuokea. Naweka uso humo, nahesabu mpaka ishirini, nafunga mlango, nakwenda kuandaa chakula. Hiyo ndiyo iliyonifikisha kiangazi. Siku niliyotoka hospitali nilikwenda huko hata kabla ya kuvua koti. Nikaweka uso. Ilikuwa sufu, Avis. Sufu tu. Daktari alikuwa ameshanipa vichupa vya kahawa na karafuu na sabuni, vyote vikawa kama maji, na sikulia. Nililia hapo kabatini. Nilihisi amekufa mara ya pili, na safari hii mimi ndiye niliyemfungia mlango.

Nalituma sweta kwako, liko kwenye kifurushi hiki. Nimelifunga ndani ya mifuko miwili. Sijui kama bado yumo. Harufu hupotea, na mimi siwezi kujua kama imekwisha au la, ndicho kinachoninyima raha. Ninusie wewe. Niambie ukweli, usinifariji. Kama hamna kitu, andika hamna kitu.

Iona


Melville
11 Novemba 1984

Dada yangu Iona,

Kifurushi kilifika Ijumaa. Sikukifungua. Siku mbili sikupika, nilikula mkate mkavu na jibini, nikafungua madirisha yote nikiwa nimevaa kofia na glavu sebuleni, mpaka nyumba ikaisha harufu yoyote. Halyna nilimkataza kuingia kwa sababu ya kabichi zake. Alikasirika, nikamweleza sababu, akaenda kukaa barazani kwake kimya kama mlinzi. Leo nimenawa mikono kwa maji matupu bila sabuni, na saa nne asubuhi, jua likiwa mezani, nimefungua.

Yumo.

Hukutaka nikufariji, basi nakupa kama ilivyo. Si kamili, na si kila mahali. Kwanza inakuja kafuri ya kabati, nyingi, inabidi uisubiri ipite. Mgongoni hamna kitu, sufu kama ulivyosema. Mabegani kuna poda, ile ya kopo la samawati, imebaki kidogo sana. Mfuko wa kulia ni pipi za mnanaa.

Mikono ya sweta ilikuwa bado imekunjwa mara mbili mbili, kama alivyokuwa akiikunja. Wewe hukuikunjua, na mimi nilikaa nayo muda kabla ya kuthubutu. Nilipofungua mkunjo wa mkono wa kulia, chenga ya unga ilidondoka mezani. Na ndani ya mkunjo ule, dada, ilikuwa imehifadhiwa Jumamosi nzima ya kuoka. Mdalasini. Siagi iliyokaa muda mrefu. Ganda la tufaha, lile la kijani, la uchachu. Niliinusa kwa pumzi ndogo ndogo, naogopa kuimaliza.

Halafu kola, upande wa ndani, pale nyuma ya shingo. Hapo sina jina. Nimekaa na daftari nusu saa na siwezi kuandika nani yuko kwenye laini. Kuna joto. Kuna nywele zilizooshwa jana. Kuna kitu kama mkate kabla haujawa mkate. Nilipoinua uso nilishangaa kukuta mikono yangu ni mikubwa.

Sasa lazima nikwambie, kwa sababu siwezi kusema ukweli wa sweta nikaacha huu mwingine. Mwezi Machi uwanja wa ndege haukufungwa. Ilikuwa jua tupu. Nilikuwa na tiketi mkononi na koti mwilini, teksi ikaja, ikapiga honi, ikaondoka. Niliogopa kumwona amelala bila kuniuliza kama nimekula. Nikajiambia nisipomwona, basi yuko huko jikoni kwako, na mimi niko mbali tu, kama siku zote. Nimeishi hivyo miezi minane. Watu walikuwa wakinipa pole nami nazipokea kwa niaba ya mtu mwingine.

Leo nimemuaga. Nilimwambia kwamba nimekula.

Sikulivaa sweta, nisije nikamfunika. Nimekunja mikono kama ilivyokuwa, nimeliweka kwenye kopo la mkate lenye kifuniko cha kukaza. Ukilitaka nitalirudisha kesho. Na kama hutaki kuniandikia tena, nitaelewa.

Avis


Bonde la Annapolis
2 Desemba 1984

Mdogo wangu Avis,

Nilijua habari ya uwanja. Merrill husikiliza hali ya hewa ya nchi nzima kama wengine wanavyosikiliza mechi. Siku ile ile aliniambia kwenu ni jua. Nilikukasirikia mpaka Juni, halafu hasira ikachoka yenyewe, na nikaona haya kukuambia kwamba ilikuwepo. Kwa hiyo ulipouliza Oktoba nikasema hapana, na ilikuwa kweli kwa kiasi. Sasa imekuwa kweli yote.

Barua yako niliisoma peke yangu mara moja. Kisha nikamsomea Merrill, mpaka kwenye mkunjo wa mkono, nikashindwa kuendelea, akanipokea karatasi. Sweta likae kwako. Mimi nilikuwa naye miaka yote ile, wewe umempata Jumapili moja.

Njoo kabla ya Krismasi. Usilete chochote.

Sasa nisikilize. Jana asubuhi nilishuka stoo ya chini ya nyumba kuchukua matufaha ya kuoka, ya aina ya Northern Spy. Merrill alikuwa juu anawasha oveni. Nilipofika ngazi ya nne, kitu kilinigusa.

Sijui niseme vipi. Nilidhani ni buibui, nikapangusa uso. Halafu nikaelewa kwamba hakikunigusa usoni. Kilikuwa ndani. Kilikuwa baridi, kizito, cheusi cheusi. Nilishika ukingo wa ngazi, sikusogea, sikumeza hata mate, kama mtu aliyetuliwa na ndege mkononi. Nikahesabu. Nilifika tano, kikaondoka. Nikangoja. Kikarudi, nikafika tisa.

Sikukijua, Avis. Nikakaa chini pale pale kwenye ngazi. Miaka thelathini na nne nashuka ngazi zile, na kile kitu kilikuwa kigeni kwangu kama lugha ya watu wa mbali. Sikuweza kusema kama ni matufaha au mawe au maji. Nilijua tu kwamba kipo, na kwamba mimi nipo kukipokea.

Nikamwita Merrill, kwa sauti ndogo, nisikifukuze. Akaja na kiberiti mkononi, ameingiwa na hofu kwamba nimeanguka tena. Nikamuuliza ananusa nini pale.

Akavuta pumzi. "Hakuna kitu," akasema. "Ni stoo tu."

"Vuta tena."

Akanitazama. Nafikiri ndipo alipoelewa, kwa sababu alikaa chini kwenye ngazi, kando yangu, na magoti yake mabovu, akafumba macho. Safari hii alikawia.

"Udongo," akasema. "Magunia. Jiwe lenye maji, ukuta ule. Na matufaha, kidogo, upande wa kushoto."

Kila alipotaja moja nililitafuta. Udongo niliupata. Jiwe sina hakika. Matufaha hayakuwepo, au yalikuwepo na mimi sijawa tayari. Tulikaa pale kwenye ngazi ya nne, watu wazima wawili, tunavuta pumzi na kuzitoa kama tuliotoka majini, na oveni juu ikiwaka moto bila kitu ndani yake.

Dada yako,
Iona